Maji yapo tele, kwanini tuwafikirie ambao hawajazaliwa?

Swali lililonifikia, nimelifupisha kidogo tu: "Mkuu, niko kwenye kamati ya kisima kirefu kinachotumiwa na kaya nyingi. Wenzangu wanataka tung'oe pampu iliyopo tuweke kubwa, wanasema maji yapo tele na tangu tuchimbe hayajawahi kukata. Niliposema tufikirie na wajukuu wakanicheka. Mmoja akasema kila kitu duniani kitaisha tu, mafuta yataisha, madini yataisha, na kabla hayajaisha wataalamu watakuwa wameshagundua kitu kingine. Mwingine akauliza hao wajukuu wanamdai nini wakati hata hawajazaliwa. Nilikosa la kujibu. Hivi hii habari ya kutunza rasilimali kwa ajili ya vizazi vijavyo ina msingi wowote au ni maneno ya semina?"

Mkuu, kwanza nikuambie wenzako hawajakosea kila kitu, na ukirudi kikaoni ukadai wamekosea kila kitu watakucheka mara ya pili. Hasa huyo wa madini. Ana hoja nzuri kuliko unavyodhani, ila ameipeleka kwenye kisima, na kisima sio mgodi. Ngoja nianze na yeye.

Mwaka 1980 kule Marekani kulikuwa na watu wawili wanabishana hadharani. Mmoja Paul Ehrlich, mwanabiolojia, alikuwa anasema watu wanaongezeka mno na vitu vitaadimika. Mwingine Julian Simon, mchumi, anasema wapi, binadamu akibanwa anatafuta njia. Wakawekeana dau. Zikachaguliwa metali tano, kromiamu, shaba, nikeli, bati na tangsteni, kila moja ya dola 200, jumla dola 1,000, halafu wasubiri miaka kumi waone bei imepanda au imeshuka ukishaondoa mfumuko wa bei. Ilipofika 1990 zote tano zilikuwa zimeshuka, Ehrlich akatuma cheki ya dola 576.07 na mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo kila mtu anayesema "teknolojia itakuja" anatembea na hadithi hii mfukoni, hata kama hajawahi kuisikia. (Waliopiga hesabu baadaye wanasema wangechukua vipindi vingine vya miaka kumi katika karne ile, mara nyingi tu Ehrlich ndo angeshinda, kwa hiyo na bahati ilikuwemo. Lakini tuache hilo, tuseme Simon alishinda kihalali.)

Wewe angalia walichopigia dau. Metali. Shaba ikianza kuadimika bei inapanda, bei ikipanda kuna mtu anaenda kuchimba mahali ambapo zamani hapakuwa panalipa, mwingine anakusanya nyaya kuukuu anaziyeyusha, mwingine anaachana na shaba kabisa anapitisha simu kwenye nyuzi za kioo, na ndivyo ilivyokuja kutokea. Yaani bei inapiga kengele mapema na kila mtu anaisikia. Na tena shaba ukishaitumia haijaenda popote, imekaa tu ukutani na ndani ya mashine inasubiri kuyeyushwa upya. Aluminiamu ndo usiseme, kuirudisha ya zamani kunakula kama asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kuitoa mpya kwenye udongo wake.

Sasa mwambie jamaa yako akutajie madini hata aina moja ambayo dunia imeyamaliza kabisa mpaka hayapo tena. Atakaa kimya. Halafu mwambie akutajie viumbe tulivyovimaliza, hapo mtalala kikaoni. Kulikuwa na mnyama jamii ya nguva lakini mkubwa mno, ng'ombe-bahari wa Steller, alielezewa mara ya kwanza mwaka 1741, ilipofika 1768 hayupo, miaka 27 tu. Kulikuwa na njiwa wasafiri Amerika Kaskazini, mabilioni, wakipita wanatia giza, wa mwisho akafia kwenye bustani ya wanyama Cincinnati mwaka 1914. Hawa wote walikuwa wanazaa! Shaba haizai na bado ipo. Vinavyozaa na vinavyojijaza vyenyewe ndo tunavyovimaliza, na hii ndo hoja nataka uingie nayo kikaoni, maana watu wengi wanaogopa kinyume chake, wanaogopa mafuta yatakwisha ila hawaogopi samaki, udongo wala maji ya chini, eti si vinarudi.

Vinarudi ndiyo, lakini vina mwendo wao. Udongo wa kulimia, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanasema inaweza kuchukua mpaka miaka 1,000 kupata sentimita mbili tatu, mvua moja kubwa kwenye mteremko uliolimwa vibaya inaondoka nazo. Na kitu kinachorudi chenyewe hakuna anayekihesabu, mara nyingi hakina bei, na mara nyingi hakina mwenyewe. Kengele haipo.

Ngoja nikupe mfano mmoja nikae nao kidogo kwa sababu unafanana na kisima chenu kuliko unavyofikiri. Pwani ya Newfoundland, mashariki ya Kanada, kulikuwa na samaki wa maji baridi, chewa wa Atlantiki, ambao watu wamewavua tangu karne ya 16. Zikaja meli kubwa za kukokota nyavu, mwaka 1968 zikatoa kama tani 800,000 kwa mwaka mmoja, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Mwaka 1977 Kanada ikapanua mipaka yake ya uvuvi mpaka maili 200 baharini ikafukuza meli za wageni, watu wakashusha pumzi, tatizo limekwisha, na badala ya kuacha samaki wapumue wakajenga meli zao wenyewe wakajaza nafasi ile ile.

Miaka ya 80 wavuvi wadogo wa ufukweni wakaanza kulalamika, samaki wachache, afu wadogo. Lakini ukiangalia takwimu za meli kubwa, mambo shwari, kila safari meli inarudi imejaa. Wataalamu wa kukadiria samaki waliobaki wakaziegemea sana hizo takwimu za meli kubwa. Shida ni kwamba samaki hawa wakipungua hawatawanyiki wakabaki wachache kila mahali, wanajikusanya, na meli ina mitambo ya kuwaona chini ya maji, inaenda palepale walipo. Kwa hiyo bahari inaisha lakini wavu unajaa. Tarehe 2 Julai 1992 waziri John Crosbie akatangaza marufuku, watu kama 30,000 wakakosa kazi. Ilisemwa ni ya miaka miwili. Uvuvi wa biashara ulikuja kufunguliwa rasmi 2024, miaka 32 baadaye, kwa tani 18,000. Linganisha na zile 800,000.

Rudi sasa kwenye sentensi ya wenzako: "tangu tuchimbe hayajawahi kukata." Mkuu, huo ni ushahidi wa meli kubwa. Wavu umejaa.

Maji ya chini sio mto unaopita huko gizani kama wengi wanavyodhani, mara nyingi ni maji yaliyokaa kwenye vitundu vya mchanga na nyufa za mwamba, kama sponji. Mvua inaongeza kidogo kila mwaka, lakini kilichokusanyika humo ni cha miaka mingi, pengine mamia, pengine maelfu. Ukianza kuvuta zaidi ya kinachoingia, pampu haigomi, inaanza kula akiba, na wala haikuambii. Tuseme, kwa mfano tu, pampu yenu imening'inizwa mita 80 chini na maji yakitulia yanasimama mita 30. Mna mita 50 za kutojua. Maji yakishuka mita 2 kila mwaka, bomba litatoa karibu vile vile mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi na tano, labda bili ya umeme tu itapanda kidogo kwa sababu mnayanyanyua kutoka mbali zaidi, na nani anasoma bili ya umeme kwa makini kiasi hicho. Kwa hesabu ya kienyeji mnafika mwaka wa 25 ndo pampu inaanza kuvuta hewa. Mtoto aliyezaliwa siku mlipochimba atakuwa na miaka 25, yawezekana na yeye ana mtoto mgongoni. Wajukuu unaowasema sio watu wa hewani, mkuu, tarehe yao inapigika kwa kalamu.

Na ukiweka pampu kubwa hizo mita 50 huziongezi, unazila haraka tu. Tena inatengeneza shimo kubwa la ukavu kuzunguka kisima, maji yanainama kutoka pande zote kuelekea pampu, na wenye visima vifupi jirani wataanza kukauka kabla yenu, ndo mtaanza kugombana na watu ambao hata hamjui mmewakosea nini.

Kuna jambo hata baadhi ya wenzangu kwenye fani wanalikosea, nalisema kwa sababu litakuja kikaoni. Mtu atasema basi tupige hesabu, mvua inaingiza kiasi fulani kwa mwaka, sisi tuvute kiasi hichohicho, ngoma droo. Sio droo. Kabla hamjachimba yale maji yaliyokuwa yanaingia yalikuwa yanatoka pia, yanatokea mahali kama chemchemi, yanalisha mto wakati wa kiangazi, yanalowesha bonde. Kila lita mnayovuta ilikuwa ina safari yake. Mkivuta yote yanayoingia, mmefunga chemchemi ya mtu. Kwa hiyo kiasi cha kuvuta bila majuto daima ni pungufu ya kinachoingia, pungufu kwa kiasi gani ni mazungumzo na wale walio chini ya mkondo, hakuna fomula.

Kuna sehemu maji ya chini hayajazwi kabisa, au yanajazwa kidogo hata haisemeki. Saudi Arabia kuanzia mwishoni mwa miaka ya 70 walilima ngano jangwani kwa maji ya zamani sana ya ardhini, serikali ikilipia, mwanzoni mwa miaka ya 90 wakawa kati ya wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Mwaka 2008 wakaamua kupunguza kidogokidogo, 2016 mpango ukafungwa. Walikuwa wanauza nje maji ya maelfu ya miaka yakiwa kwenye magunia. Marekani nao wana hifadhi kubwa ya maji ya ardhini inaitwa Ogallala, iko chini ya majimbo nane, na cha kujifunza pale ni kwamba hifadhi ni moja lakini hatima sio moja, upande wa Nebraska inajazwa vizuri kiasi, sehemu za Kansas na Texas visima vimeshakauka. Kwa hiyo jina la hifadhi halikuambii kitu, kisima chenu ndo kitakuambia.

Twende kwa teknolojia, maana hapo ndo wenzako wamejificha. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons aliandika juu ya makaa ya mawe ya nchi yake akaona kitu cha ajabu, injini za mvuke zilivyozidi kuwa bora, zikatumia makaa kidogo kwa kazi ileile, makaa yaliyotumika nchini hayakupungua, yaliongezeka, kwa sababu kitu kikiwa rahisi kutumia watu wanakitumia kwa mambo mengi zaidi. Miaka mingi mbele wakulima wa Kansas wakafungiwa vinyunyizio vya kisasa visivyopoteza maji, wakatarajia kisima kitapumua, kilichotokea maji yaliyovutwa yaliongezeka kwa sababu shamba lilipanuka na mazao yanayokunywa zaidi yakapandwa. Mimi sipingi vinyunyizio wala pampu nzuri. Napinga kudhani kifaa kitajizuia chenyewe.

Teknolojia inapookoa mara nyingi kuna mtu aliiwekea ukuta kwanza. Ile tabaka ya ozoni huko juu angani inayotukinga na miale mikali ya jua, wanakemia Molina na Rowland walionya 1974 kwamba gesi za friji na makopo ya kupuliza zinaila, shimo juu ya Antaktika likatangazwa 1985, 1987 mkataba wa Montreal ukasainiwa, na baada ya hapo ndo viwanda vikahangaika kweli kutafuta mbadala, vikapata. Sasa hivi tabaka linajiponya, Antaktika inatarajiwa kurudi ilivyokuwa 1980 mnamo miaka ya 2060. Waliosaini wengi hawatakuwepo. Kizuizi kilitangulia, ugunduzi ukafuata. Wenzako wanataka ugunduzi utangulie na kizuizi kisije kabisa.

Haya, wanatudai nini hao ambao hawajazaliwa. Swali zuri hili, lisikuudhi, kuna watu wamelisomea maisha yao yote. Jibu langu la kikaoni ni hili: fundi anajenga daraja anachanganya zege la ovyo, daraja linakaa miaka 40 halafu linaanguka na mtoto wa miaka 10. Siku fundi anaiba saruji mtoto yule hakuwepo, hata mama yake pengine hakuwepo. Yuko anayeweza kusimama akasema fundi hana kosa kwa sababu aliyeumia alikuwa hajazaliwa? Kosa lilifanyika siku ile, lilichelewa tu kufika.

Wanasheria wameshalifikisha mahakamani. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Ufilipino ilisikiliza kesi ya watoto, wakiwakilishwa na wazazi wao, waliotaka vibali vya kukata misitu vifutwe, na wakasema wanasimama kwa niaba yao na ya vizazi ambavyo bado. Mahakama ikakubali wana haki ya kufungua kesi hiyo. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani nayo ikairudisha bungeni sheria ya tabianchi, kwamba imewasukumia vijana mzigo mkubwa mno wa kupunguza hewa chafu baada ya 2030. Kwa hiyo sio maneno ya semina tu, yameshapata mhuri.

Wachumi wao wanalimaliza kwa namba moja ndogo, na hapa uwe macho maana akija mtu wa fedha kwenye kamati ataitumia. Wanasema faida ya mbele ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwa hiyo unaipunguza kila mwaka kwa asilimia fulani. Sawa, chukua milioni moja ya miaka 100 ijayo. Ukipunguza kwa asilimia 5 kwa mwaka, leo ina thamani ya kama 7,600. Ukipunguza kwa asilimia 1.4, ile aliyoitumia mchumi Mwingereza Nicholas Stern kwenye ripoti yake ya tabianchi mwaka 2006, inakuwa kama 249,000. Mjukuu ni yuleyule, hasara ni ileile, umebadilisha kitufe tu kwenye kikokotoo. Mtu akikuletea hesabu kwamba kutunza hakulipi, muulize asilimia ngapi kaweka, na kaitoa wapi.

Na neno lenyewe la kutunza lilianzia wapi, hii huwa nafurahia kuisema. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi ya fedha kule Saxony, Ujerumani, aliandika kitabu cha misitu kwa sababu tanuru za kuyeyushia zilikuwa zinakosa kuni. Hakuwa mpenda ndege. Alikuwa mtu wa uzalishaji anayeona kiwanda kinakufa, akasema mkate kwa kiasi ambacho msitu unaweza kurudisha. Tume ya Umoja wa Mataifa chini ya Gro Harlem Brundtland ilipokuja kuandika mwaka 1987 kwamba maendeleo endelevu ni kukidhi mahitaji ya sasa bila kuwanyima wajao uwezo wa kukidhi ya kwao, ilikuwa inaipanua fikra ya mtu wa mgodini. Angalia pia walichosema, uwezo. Hawakusema tuwaachie kila kitu kama kilivyo.

Hilo ndo linanipeleka kwa vile visivyorudi kabisa, mafuta, maji ya kale, fosfeti ya kutengenezea mbolea. Huko kuwaambia watu wasiguse ni kupoteza muda, watagusa tu. Swali ni umevigeuza kuwa nini. Nauru, kisiwa kidogo cha Pasifiki, kilikuwa na fosfeti nyingi, ikachimbwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, walipopata uhuru 1968 wakawa na hela mpaka zinawashangaza, wakaweka kwenye mfuko, halafu mfuko ukaliwa kwa majengo ya mbali na miradi ya hovyo, mpaka wakagharamia tamthilia ya muziki London ambayo haikudumu. Fosfeti kwisha, hela kwisha, na sehemu kubwa ya katikati ya kisiwa imebaki vichuguu vya mawe. Norwei waligundua mafuta 1969, wakatunga sheria ya mfuko 1990, hela ya kwanza ikaingia 1996, na tangu 2001 wana kanuni kwamba serikali inachukua kama faida tu inayotarajiwa, ilikuwa asilimia 4, mwaka 2017 wakashusha ikawa 3. Mafuta yanaisha kama ya wengine wote, ila yamebadilika sura. Kwa hiyo mkija kugundua kisima chenu kinakula maji ya kale, mnaweza kuamua kwa akili zenu kuyatumia, lakini katika kila ndoo kuwe na kiasi kinachoenda kwenye akaunti ya chanzo kingine, na akaunti hiyo isiwe ya kukarabati ofisi ya kamati.

Kuhusu kanuni za kujizuia, watakuambia watu hawazuiliki, kila mtu atavuta kwake. Mwaka 1968 mwanaikolojia Mmarekani Garrett Hardin alisema hivyo hivyo, malisho ya wote lazima yaharibike. Mmarekani mwenzake, mtaalamu wa siasa Elinor Ostrom, akatumia maisha yake kwenda kuangalia watu halisi badala ya kubuni, akakuta wengi wanajimudu, na 2009 akapewa Nobel ya uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Mfano wake mmoja ni kijiji cha Törbel, milimani Uswisi, wana kanuni ya mwaka 1517: huwezi kupeleka kwenye malisho ya pamoja ya mlimani ng'ombe wengi kuliko uliowalisha wewe mwenyewe kipindi cha baridi. Basi. Hakuna mtaalamu wa kukadiria nyasi, hakuna mjadala wa kila mwaka, jirani anaona ghala lako la majani makavu, anajua una ng'ombe wangapi. Kanuni inayoweza kukaguliwa na jirani kwa macho ndo inadumu. Kwenu nyinyi msiandike lita, lita zinabishaniwa, andikeni masaa ya pampu kuwaka, mlango wa chumba cha pampu uwe na daftari la kuwasha na kuzima, yeyote akipita analisoma.

Mwisho kabisa kipimo, maana bila hicho mtaendelea kubishana mpaka maji yaishe. Hamhitaji mtambo. Tafuta tepu ndefu ya chuma ya kupimia na chaki ya kawaida ya ubaoni. Pampu ipumzike usiku kucha. Alfajiri kabla haijawashwa unapaka chaki mita mbili za mwisho za tepu, unaishusha taratibu mpaka alama ya mita 32, tuseme, ifike mdomoni mwa bomba la kisima, unashikilia hapo, halafu unavuta. Chaki iliyolowa inabadilika rangi, mstari unauona waziwazi kama ule wa chai kwenye sukari ya donge. Kama imelowa mpaka 1.40, toa kwenye 32, maji yako mita 30.60. Andika tarehe. Kila mwezi, mtu yuleyule ikiwezekana, kutoka ukingo uleule. Usilinganishe mwezi wa mvua na mwezi wa kiangazi, maji yanapanda na kushuka kila mwaka hilo ni kawaida, linganisha mwisho wa kiangazi hiki na mwisho wa kiangazi kilichopita. Mistari mitatu ya mwisho wa kiangazi ikiteremka mfululizo wakati mvua zilikuwa za kawaida, hapo hakuna tena wa kusema maji yapo tele.

Na kabla ya kununua hiyo pampu kubwa, aje fundi mwenye pampu ya majaribio, avute mfululizo masaa 24 au zaidi kwa kiasi mnachokitaka, apime yanavyoshuka, halafu azime apime yanavyorudi. Hiyo ya kurudi wengi wanairuka kwa sababu kila mtu amechoka anataka kwenda nyumbani, msikubali, ndo yenye habari. Yakigoma kurudi karibu na pale yalipoanzia, jibu la kikao mnalo.

Kitu kimoja tu, ili tepu ipite kunahitajika kibomba chembamba cha kupimia pembeni ya bomba la pampu, vinginevyo itajizungusha kwenye nyaya na utaiacha humohumo. Mwambie fundi akiweke siku hiyohiyo anayoshusha pampu, iwe hii ya zamani au hiyo kubwa. Akishafunga kila kitu ndo mkakumbuka, itabidi bomba zote zivutwe upya, na kwa ninavyozijua kamati hakuna atakayekubali kuchangia mara mbili.